Choo cha uswahilini kinyonywe kabla ya masika

Nyumba nyingi za Tandale, Manzese au Vingunguti, Dar es Salaam, zina vyumba sita, saba, familia kila chumba, na choo kimoja cha shimo. Kikijaa, gari la kunyonya halifiki. Uchochoro haupitishi hata bajaji, na mpira wa gari una mwisho wake. Wa Masaki anapiga simu tu, gari linaingia getini.

Ndiyo maana mvua ikishika watu wanatapisha: shimo linatobolewa ubavuni, kinyesi kinaondoka na maji ya mtaroni. Haigharimu kitu, ila wa bondeni ndiye anayeugua. Na msidhani hatari ni ya masika peke yake. Kipindupindu cha 2015 kilianza Dar mwezi Agosti, kiangazi.

Kwa nyumba za ndani kabisa dawa ni pampu ya mkono, ile inayoitwa Gulper, na mapipa ya kupakia kwenye guta la injini hadi mabwawa ya majitaka. Kazi inaanza na ndoano, si pampu. Pedi, pampasi na matambara hukwama kwenye vali ya chini, fundi akavuta mpini mpaka akachoka bila kitu kupanda. Taka zivuliwe kwanza. Tope likiwa zito, mwageni ndoo chache za maji, mkoroge kwa mti mrefu. Buti na glavu ndefu ni lazima, na mtu asishuke shimoni hata kuokota ndoano: hewa ya mle inaua.

Shimo lisikombwe lote. Mengi yamejengewa matairi ya gari, mengine hayana ukuta kabisa. Ukilikausha wakati ardhi imelowa, udongo unasukuma kutoka nje na kila kitu kinaporomokea ndani. Punguzeni sehemu ya juu tu, Januari au Februari, maji ya ardhini yakiwa bado chini.

Panapokwama hasa ni pesa. Mpangaji anasema choo ni cha mwenye nyumba, mwenye nyumba anasema wanaojaza ni wapangaji. Kila chumba kichange kidogo kidogo kila mwezi, pamoja na hela ya umeme. Pataneni bei kwa pipa, mtu asimame ahesabu. Anayelipwa kwa jumla huliona shimo limekwisha mapema. Malipo ya mwisho yasubiri mjue mzigo umemwagwa wapi, maana mtaro uko karibu kuliko bwawa.

Kisima kinatakiwa kiwe angalau mita 30 kutoka chooni. Uswahilini nani ana mita 30? Basi maji yake, hata yawe meupe, ni ya kufulia na kudekia. Mkilazimika kuyanywa, yachujeni kwa kitambaa safi, kisha yachemsheni au mtie kidonge cha klorini cha lita 20 kwenye ndoo ya lita 20 na kusubiri dakika 30. Ndoo iwe na mfuniko na koki. Mtoto akichovya kikombe kwa mkono mchafu, kidonge chenu mmekitupa.