Mkeka, cherehani na pumzi: siku yangu moja Ngamiani, Tanga

Saa 11 kasoro robo alfajiri. Naamka kabla ya adhana. Nje giza bado, baiskeli za wachuuzi wa samaki zinapita kuelekea soko la samaki la Deep Sea. Nina miaka 52. Miaka minne nyuma, kuinuka tu kitandani kulikuwa kazi: nageukia ubavu, nashika ukuta, nasubiri kiuno kikubali. Leo nimeinuka bila kushika kitu, na bado namshukuru Mungu kila mara.

Nikishaswali nakunja mswala, natandika mkeka wa ukindu uani na kanga iliyokunjwa mara nne chini ya magoti. Naanza yoga yangu kwa viganja na magoti, kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Navuta pumzi, tumbo linashuka, kifua kinafunguka. Naitoa, mgongo unapanda juu kama wa paka. Mara kumi, taratibu. Kisha salamu kwa jua, mikao 12 inayofuatana: ukijifungua unavuta pumzi, ukijikunja unaitoa. Wiki za mwanzo nilikuwa nahesabu mikao na kusahau kupumua. Sasa pumzi ndiyo inayoongoza, mwili unaifuata.

Huniuliza watu: hiyo si ibada ya wenzetu? Sifichi, yoga imetoka India, na wengi huko wanaifungamanisha na dini yao. Neno lenyewe ni la Kisanskriti, lina maana ya kuunganisha. Nilimuuliza aliyenifundisha, akasema tuache nyimbo, tubaki na mwili na pumzi. Nikaridhika. Nia yangu naijua.

Aliyenifundisha ni mama wa Kihindi niliyemshonea blauzi za sari miaka mingi. Nilikuwa nimetoka eda karibuni, miezi 4 na siku 10 ndani, nimetoka sina usingizi. Hedhi nayo ilikuwa inakoma. Usiku joto linanipanda ghafla mpaka shuka inalowa. Alikuja kuchukua blauzi akanikuta nahangaika kutunga uzi, mikono inatetemeka, machozi yananitoka. Akanishika bega. “Mwanangu, vuta pumzi kwanza. Uzi haukimbii.” Nikavuta. Akaniambia niitoe polepole, ndefu kuliko nilivyoivuta. Tukafanya hivyo mara tano, tumekaa kwenye benchi la wateja. Uzi ukapita. Jumamosi ile nikaenda kwake.

Saa 2 asubuhi nafungua duka. Sare za shule, madera mawili, suruali ya kupunguza kiuno. Cherehani yangu ni ya miguu, na zamani nilikuwa naikanyagia nimejikunja, shingo mbele, meno nimeyabana. Sasa nimeinua kiti kwa mto, nyayo zote mbili ziko kwenye ukanyagio, na kila nikimaliza pindo moja nashusha mabega. Binti ninayemfundisha kazi ana miaka 19. Namsumbua sana: “Mabega, mwanangu!” Anaitika, “Abee, mama,” anayashusha. Sitaki afike umri wangu ndipo ajue kwamba mgongo nao una haki yake.

Saa 7 mchana, baada ya swala na wali wa nazi, nalala chali nyuma ya pazia la kujaribia nguo na kuegemeza miguu ukutani. Dakika kumi. Miguu iliyokanyaga tangu asubuhi inakuwa myepesi, vidole vinachezacheza vyenyewe.

Saa 10 na nusu jioni nafunga, napanda baiskeli. Siku tatu kwa wiki tunakutana wanawake tisa kwenye ua wa mwalimu mmoja mstaafu, chini ya mwembe. Wote tumepita arobaini. Naongoza mimi, na sitozi mtu, kila mmoja aje na mkeka wake na asiwe ameshiba sana. Nawaambia ukweli wangu: yoga haikuniondolea msiba, na vidonge vya presha bado nameza kama daktari alivyoagiza. Lakini imenirudishia usingizi. Na mwili huu, ambao miaka yote niliukopesha kwa watoto, mume na wateja, nimeanza kuukalia kama mwenye nyumba.

Kuna mwenzetu anakaanga samaki. Bega lake la kulia limekaza tangu mwaka jana, hata kujifunga mtandio alikuwa anasaidiwa na mwanawe. Hatulilazimishi. Anasimama kando ya mlango, vidole vinapanda kwenye fremu, anavuta pumzi, vinapanda tena kidogo. Tumeweka alama kwa chaki. Leo vidole vimepita alama ya wiki iliyopita, upana wa vidole viwili. Hakusema neno. Aliugusa ule ubao wa juu akabaki ameushika, nasi wote tumesimama tunamtazama, mwalimu analia.

Tunamaliza kwa kulala chali, mikono wazi, macho tumefumba. Adhana ya magharibi ndiyo inayotuinua.

Saa 3 usiku. Watoto wameshapiga simu, nimekula mihogo iliyobaki. Kwenye kapu la vipande nimepata kitenge cha pamba kigumu, nikakata ukanda wa mita mbili, nikaukunja na kuushona. Atashika ncha moja kwa mkono mzima juu ya bega, nyingine kwa mkono unaouma nyuma ya mgongo, na mzima utamvuta mwenzake kidogo kidogo. Ncha nimezipiga mshono mara mbili zisifumuke. Upo juu ya mkoba wangu. Asubuhi nitampelekea kabla hajabandika karai.