Kumbukumbu ya mradi wangu: maganda ya risasi kwa mvule na mpingo

Jumamosi ya kwanza, Keko, Dar es Salaam

Nimeanza. Nakereza vielelezo vya mbao vya risasi tano za bunduki za vita, kila kimoja mara tatu ya ukubwa wake halisi, kisha nitavipasua katikati kwa urefu ili mtu aone ndani. Risasi halisi haziingii karakana hii, wala baruti. Nchi ina sheria yake ya silaha na risasi ya mwaka 2015, na mimi nahitaji vipimo tu.

Ganda litakuwa mvule, maana ukiupaka mafuta unakaribia rangi ya shaba ya njano. Kichwa kitakuwa mpingo. Fataki, vile viwashio vidogo vya kitakoni, nimezikata kwenye bomba kuukuu la friji, shaba nyekundu, nikazigonga zikawa visahani. Ndani ya ganda, mahali pa baruti, nitabandika ufuta uliopakwa rangi nyeusi.

Mzee mwenye mashine aliniuliza kwa nini nisitengeneze bunduki yenyewe, ndiyo watu watakayoitazama. Nikamwambia, Mzee, bunduki imechongwa kufuata ganda. Hakuridhika, ila amenipa mashine kila Jumamosi kuanzia saa nane.

Jumamosi ya pili

Kazi ya leo ni risasi ya Mauser, bunduki ya Kijerumani ya mwaka 1871, milimita 11. Hii ndiyo risasi iliyobebwa na askari wengi wa jeshi la Wajerumani hapa kwetu vita vilipoanza mwaka 1914. Ilitumia baruti ya zamani yenye moshi, kwa hiyo kila aliyefyatua alijionyesha alipo. Ganda lake la milimita 60 kwangu limekuwa sentimita 18, nene kama mpini wa jembe. Kitako kina ukingo uliotokeza. Ukingo huo unalizuia ganda lisizame ndani ya mtutu, tena ndoano ya bunduki inaushika wakati wa kulitoa.

Ganda hili nimelipenda. Halina ujanja.

Jumamosi ya tatu

Risasi ya .303 ya Waingereza (hiyo ni inchi) na ya milimita 7.92 ya Mauser, zote mbili kwa siku moja, maana umeme haukukatika hata mara moja. Nikiwa njiani kuja nilishuka Posta nikasimama kidogo kwenye sanamu ya Askari pale Samora, iliyosimikwa mwaka 1927. Wanaokumbukwa pale, waliopigana upande wa Mwingereza, risasi yao ilikuwa .303.

Nilipoziweka sambamba juu ya meza, tofauti ilinipiga machoni. .303 ina ukingo wa milimita 13.7, mpana kuliko ganda lenyewe. Ile ya Mauser, iliyobuniwa mwaka 1888, haina ukingo wa kutokeza: kitako kimelingana na mwili, na badala yake umekatwa mfuo kukizunguka. Nilipanga .303 mbili, moja juu ya nyingine, kama zinavyokaa ndani ya magazini, kile kisanduku cha risasi cha bunduki, nikaisukuma ya juu mbele. Ukingo wake ukanasa nyuma ya ukingo wa ile ya chini. Askari anayekoki kwa mkono anaweza kusukuma na kurudisha mpaka inasue. Bunduki ya nusu otomatiki, inayojikoki yenyewe kila inapofyatuliwa, haina mkono huo. Inategemea gesi ya risasi iliyotangulia, na ikikwama imekwama. Ndiyo maana bunduki hizo za vita karibu zote zimefuata umbo la mfuo.

Jumamosi ya nne

Nimeharibu kipande kizuri cha mvule. 7.62x39, risasi ya Kisovieti iliyobuniwa wakati wa vita vya pili vya dunia, niliikereza mwili ukanyooka kama bomba kwa kuifuata picha moja badala ya venia, ile rula ya kupimia unene, na vipimo. Nimerudia. Kitakoni ni milimita 11.35, begani, linapoanza kusinyaa kuelekea shingo, 10.07. Tofauti ni ndogo, chini ya milimita moja na nusu, ila ndiyo roho ya risasi hii.

Ganda likifyatuliwa huvimba na kubana kuta za chemba, lile tundu la nyuma ya mtutu linamokaa, na kubana huko kunazuia gesi isirudi nyuma usoni mwa mpigaji. Sekunde hiyohiyo linatakiwa liachie litoke. Ganda lililonyooka husugua ukuta kwa safari yote ya kutoka. Lililochongoka kama hili, likirudi nyuma kidogo tu limekwisha kuachana na ukuta kila upande. Chemba ikiwa na vumbi au masizi, bado linatoka.

Halafu nikakereza mengine sita ya mbao ya hovyo, bila kupasua, nikayapanga ubavu kwa ubavu mezani. Yakapinda yenyewe! Sikuyalazimisha; kila moja liliegemea jirani yake, na safu ikawa upinde. Magazini ya AK, bunduki inayotumia risasi hii, imepinda kama ndizi kwa sababu hiyo. Mjukuu wa Mzee aliyapanga na kuyapangua mpaka magharibi, naye Mzee akaja kutazama, akasema, "Kumbe bunduki imefuata ganda." Nilifurahi kupita kiasi.

Jumamosi ya tano

Mashine ni mgonjwa, mkanda umekatika. Nimeshinda nikipiga msasa na kuandika kibao cha maelezo.

Kibao kinahusu kazi ya kujaza risasi upya kwa mkono, ambayo Marekani ni burudani ya watu wengi. Ganda lililokwisha kuvimba hupitishwa kwenye kalibu libanwe lirudi kipimo chake. Kwa bunduki ya kukoki kwa mkono wapo wanaobana shingo peke yake, kwa kuwa mkono una nguvu ya kulisukuma ganda lililojaa chemba. Kwa nusu otomatiki, ganda hubanwa urefu wote.

Nchi yetu nayo ina kisa chake. Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens, iliyobeba silaha, ilipigwa na Waingereza katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikazama kwenye maji mafupi. Shehena ikaopolewa. Risasi zilikuwa zimeingia maji ya chumvi, basi zikafunguliwa, baruti ikakaushwa, zikafungwa upya. Fikiria mikono mingapi iliketi pwani ile ikichomoa vichwa vya risasi kimoja kimoja! Hata baada ya kazi hiyo nyingi ziligoma kulipuka. Kwa bunduki za wakati ule, askari alikoki akaitupa iliyogoma, akaendelea. Zingekuwa bunduki zinazoendeshwa na gesi, kila risasi iliyogoma ingesimamisha mashine nzima.

Sehemu hii nimeiandika mara nne na bado nataka kuirefusha.

Jumamosi ya sita

Mkanda mpya umefungwa. 5.56x45, risasi ya bunduki ya M16 ya Wamarekani, imekwisha, nyembamba sana, kichwa chake cha mpingo kilivunjika mara mbili kabla ya kukubali. Mpingo unakula patasi. Nimenoa mara saba leo.

Nimepasua nne kati ya tano. Ya Mauser 1871 imebaki, nayo ina ufa mdogo kitakoni unaonitia hofu. Mzee ameshauri niifunge waya usiku kucha na gundi, niipasue kwa msumeno wa mkono Jumamosi ijayo, polepole, nikianzia mdomoni.