Mwalimu wa Madirisha

Wiki hii baba amefanyiwa upasuaji wa jicho, mdogo wangu hatimaye amehama nyumba, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wamemaliza mitihani na kuagwa rasmi. Hata hivyo, kinachoninyima usingizi ni maneno machache niliyoambiwa mlangoni mwa ofisi ya walimu siku ya Jumanne, na aliyeyasema ni kijana ambaye hakukusudia ubaya wowote. Ni yule yule mrefu niliyewahi kumwandika hapa, aliyekuwa akichelewa kila Jumatatu katika mwaka wake wa kwanza, na ambaye mwaka huu wenzake walimchagua asome risala ya wahitimu.

Alikuja na daftari mkononi. "Samahani, Mwalimu," alisema. "Tunaandika risala, na tumekubaliana kila mwalimu atajwe kwa jambo moja tunalomkumbuka nalo."

"Vizuri sana. Na mimi mmeniandikia nini?"

Alitazama daftari lake, kisha akaniangalia kwa uso mkunjufu. "Madirisha, Mwalimu."

"Madirisha?"

"Ndiyo. Kila ukiingia darasani ulikuwa unasema, 'Fungueni madirisha.' Tulipofika kwenye jina lako, darasa zima lilitaja hilo hilo. Hakuna aliyebisha."

Nilimshukuru, akaenda zake. Tangu hapo nimeyarudia mazungumzo hayo nikiosha vyombo, nikisahihisha madaftari, nikimsubiri baba nje ya chumba cha upasuaji, na kila mara ninakwama pale pale: hakuna aliyebisha. Laiti wangegawanyika, mmoja akataja madirisha na mwingine akataja somo lolote kati ya mamia niliyowafundisha, nadhani ningelala. Nimejiuliza kwa nini sikumwuliza, "Hivi hamkumbuki maji ya chokaa?" Siku ile mwaka wa kwanza alikuwa yeye mwenyewe aliyesimama mbele ya wenzake, akapuliza kwa mrija ndani ya maji maangavu ya chokaa mpaka yakageuka meupe kama maziwa, na darasa likapiga kelele hata mwalimu wa chumba cha pili akaja kuuliza kumetokea nini. Niliwaeleza kwamba hewa tunayovuta ina kaboni dioksidi kama asilimia 0.04 tu, ilhali ile tunayotoa ina takriban asilimia 4, yaani mara mia moja zaidi, na kwamba watu 38 wakijifungia katika chumba kimoja hewa hiyo hurundikana, kichwa kikawa kizito na usingizi ukaja. Ndiyo sababu ya madirisha. Amri ilitokana na somo, na sasa somo limetoweka, imebaki amri peke yake kama kipini kisicho na jembe.

Najua kusahau kuna kanuni zake. Katika mafunzo ya ualimu tulisoma habari za Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyekariri orodha za silabi zisizo na maana na kujipima mwenyewe siku baada ya siku, kisha akachapisha matokeo yake mwaka 1885. Baada ya saa moja tu, zaidi ya nusu ya alichojifunza kilikuwa kimekwisha kumtoka, na baada ya mwezi mmoja kilichosalia kilikuwa kama sehemu moja ya tano. Lakini silabi zile hazikuwa na maana, nami sikuwahi kuwafundisha watoto hawa jambo lisilo na maana. Tena yapo matokeo mengine yanayonigusa zaidi: watu waliovuka umri wa miaka 40 wakiombwa kusimulia maisha yao, sehemu kubwa ya wanayoyakumbuka hutoka kati ya umri wa miaka 10 na 30. Maana yake ni kwamba miaka hii minne haitawaondoka kirahisi. Watazeeka nayo, na mimi nitakuwa humo ndani nimesimama mlangoni nikitaja madirisha.

Risala ilisomwa Alhamisi, na ilisomwa vizuri. Wahitimu walieleza jinsi walivyofika wakiwa hawajuani, jinsi walivyogombana mwaka wa pili kuhusu nani akae na nani hadi ikabidi mkuu wa shule aingilie kati, na jinsi waliposhindwa vibaya katika mtihani wa majaribio wakaanza kusomeshana wao kwa wao jioni, kila mmoja akifundisha somo analoliweza. Sehemu hiyo ya kusomeshana ilinitoa machozi, kwa sababu niliwaona kwa macho yangu. Jina langu lilipotajwa, ukumbi mzima ulisema kwa sauti moja, "Fungueni madirisha!" Wazazi walicheka kwa furaha, nami nikasimama na kupunga mkono.

Usiku huo nilichukua kitabu cha mahudhurio cha darasa lao. Nilitaka kujithibitishia kwamba mimi, angalau, ninawakumbuka wao kwa zaidi ya jambo moja. Nilianza na jina la kwanza. Huyu alimbeba mwenzake mgongoni alipovunjika mguu. Wa pili aliuliza swali kuhusu mifupa ya ndege ambalo sikuweza kulijibu hadi kesho yake. Wa tatu, wa nne, wa tano, wote walikuja wenyewe, na moyo ukaanza kutulia. Nilipofika jina la 23 nikasimama.

Ni msichana. Najua sura yake, na najua hati yake, ndogo, iliyoinama kushoto. Nilifumba macho nikamtafuta katika miaka minne, nikatafuta swali, kosa, kicheko, hata kukemewa, na sikupata kitu. Kitabu kilionyesha kwamba mwaka huu hakukosa hata siku moja. Alikuwa mbele yangu siku zote hizo, na sina sentensi hata moja iliyotoka kinywani mwake. Uchungu wa madirisha ulinitoka pale pale, ukaja mwingine ambao sikuwa na wa kumlaumu. Wao kwangu walipata jambo moja na wakalikubali bila kubishana. Mimi kwake sikupata hata hilo moja, na ndiye niliyekuwa na daftari la majina yao wote.

Ijumaa walikuja kurudisha vitabu. Alipofika mezani kwangu alikuwa amevifunga kwa uzi, vikubwa chini, vidogo juu, na jalada la kile cha juu lililochanika alikuwa amelishona. Nikamwuliza, kwa kukosa swali bora, "Mwanangu, ulikuwa unakaa upande gani darasani?"

"Dirishani, Mwalimu. Nyuma kabisa, miaka yote minne."

"Kwa hiyo nikisema wafungue, ni wewe uliyekuwa ukifungua?"

"Mwaka wa kwanza tulikuwa wawili. Mwenzangu alipohama nikabaki mimi." Alisita kidogo, kisha akaendelea, na hapo ndipo nilipomsikia akizungumza kwa mara ya kwanza. "Lile la mwisho ndoano yake imekatika. Ukiliachia, upepo unalirudisha kwa kishindo, na wewe ulikuwa hupendi kishindo ukiwa unafundisha. Nilikuwa nalizuia kwa karatasi. Ukiikunja mara tatu haitoshi, mpaka mara nne."

Nilimwambia asante. Nilitaka kusema mengi zaidi, lakini nyuma yake kulikuwa na foleni, na neno lililonijia lilikuwa hilo tu. Akatia sahihi kwenye orodha, kwa hati ile ile iliyoinama kushoto, akasema kwamba amekwisha kumwonyesha msichana mmoja wa mwaka wa tatu namna ya kuikunja, kisha akaniaga.

Walipoondoka wote nilikwenda darasani mwao. Viti vilikuwa vimepandishwa juu ya meza na ubao umefutwa. Karatasi ilikuwa bado imebanwa kwenye fremu ya dirisha la mwisho, imekunjwa mara nne, pembe zake zimelainika kwa kushikwashikwa. Sikuigusa. Nilikaa kwenye kiti chake kwa muda na kutazama mbele, mahali ninaposimama mimi kila siku, na nikaona kwamba kutoka pale nusu ya ubao haisomeki kwa sababu ya mwanga. Hilo pia hakuwahi kulisema, wala mimi sikuwahi kuuliza.

Leo baba hajapokea simu. Nimepiga mara tatu. Mdogo wangu anasema huenda amelala, kwa kuwa daktari alimwambia apumzishe jicho, lakini baba hana kawaida ya kulala mchana, na bandeji itaondolewa keshokutwa.