Mwezi Kumi na Mbili, Maji Yajaa Saa Saba u Nusu

Ukitaka kuingia Takwa kwa mashua, usianze kwa kuuliza bei. Uliza kwanza mwezi ni wa ngapi, yaani siku ya ngapi tangu uandame. Hori la mikoko, mkono mwembamba wa bahari unaofika kwenye magofu hayo, kisiwani Manda, Lamu, huingilika maji yakijaa. Yakipwa, hubaki tope na mizizi. Sisi tulikuwa watu wazima 6 na watoto 3, wengi wageni wa bahari, na siku tuliyoichagua ni mwezi 12, siku ya 12 ya mwandamo, katika Januari, upepo wa kaskazi ukivuma.

Hesabu ni hii. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huku kwetu maji hujaa karibu na saa 10, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa 4. Kila siku inayofuata huchelewa kama dakika 50. Mwezi 12 ni siku 3 kabla ya mwezi mpevu, kwa hiyo rudisha saa 2 na nusu: maji yatajaa kama saa 7 u nusu mchana. Hapo unapata asubuhi nzima ya maji kuingia, ya kuvulia, na mchana wa kuingia horini. Ukienda mwezi 15 utaingia Takwa saa 10 jioni na kutoka na giza. Jedwali la maji litakupa dakika kamili, lakini hesabu ya vidole hukuonya mapema kama siku uliyoitaka ni ya bure.

Kutoka Malindi basi hupita Garsen na Witu hadi Mokowe, na vizuizi vya polisi ni kadhaa, basi kitambulisho kiwe mfukoni, kisiwe ndani ya begi lililo chini ya basi. Mokowe unavuka kwa boti ya injini hadi Lamu. Hakuna la ziada la kusema hapo, ila mizigo ifungwe kwenye mifuko ya plastiki, maana maji ya omo hurukia kila aliyekaa mbele.

Mapatano na nahodha yafanyike jana yake, gatini, na mwenye kukulipia awepo. Bei ni ya mashua nzima au ya kila kichwa? Chambo, makaa na maji ya kunywa yamo? Kiingilio cha Takwa hulipwa kando. Injini ya akiba ipo, na petroli yake ipo? Na majaketi ya kuelea ni mangapi ya watoto. Hilo la mwisho usilimalize kwa kuambiwa “yapo, yapo.” Mvalishe mtoto, funga kamba zote, kisha mwinue kwa mabega ya jaketi: likipanda likamfunika masikio, ni kubwa, na majini litamvuka. Kati ya majaketi 3 tuliyoletewa, 1 ndilo lililofaa. Mengine yalibadilishwa kabla ya kung'oa nanga, na ugomvi wa kubadilisha ni rahisi zaidi ukiwa bado umesimama gatini.

Saa 2 asubuhi maji yalikuwa ndiyo kwanza yaanze kuingia. Kwenda Manda wakati wa kaskazi ni kwenda mbisho: upepo watoka unakokwenda, na mashua huenda upande upande. Kurudi ni upepo wa nyuma. Kwenda kulituchukua karibu mara mbili ya kurudi, na hili wageni waambiwe mapema, maana watoto huanza kuuliza “tumefika?” baada ya pindua ya pili, yaani kugeuza tanga.

Pindua yenyewe ndiyo ya kutazama. Tanga la mashua limefungwa kwenye foromali, mti mrefu ulioning'inizwa kwa henza, kamba ya kulipandishia tanga, juu ya mlingoti. Pembe ya nyuma ya tanga huvutwa kwa kamba iitwayo demani. Foromali haiwezi kuvuka mlingoti hivi hivi. Nahodha huupa upepo mgongo, demani huachiwa, tanga likaanza kupiga kelele kama shuka kwenye kamba. Baharia mmoja huvuta mguu wa foromali mpaka isimame karibu wima ubavuni mwa mlingoti. Mwingine huikamata pembe ya tanga, akaizungusha kwa mbele na kuileta upande wa pili. Demani hufungwa, viroba vya mchanga huhamishiwa upande unakotoka upepo, na watu nao huhamia huko. Yote hayazidi dakika 2, na ndizo dakika ambazo mgeni huumia. “Kitwa! Kitwa tini, mwanangu!” yaani kichwa chini, ndilo neno la Kiamu ambalo watoto walilijua siku hiyo kabla ya jingine lolote.

Wageni hukosea mambo mawili. La kwanza, kusimama ili waone vizuri. La pili, kupewa demani waishike wakaizungushia mkononi. Upepo ukija kwa kishindo kamba hukaza kama kitanzi. Ishike kwa viganja tu, au izungushe mara 1 kwenye kigingi, ncha ikae huru ili iachike kwa kufumba na kufumbua. Anayetaka kujifunza apewe kazi moja kwa siku: ama demani, ama usukani kwenye upepo wa nyuma, ama kufua maji ngamani, chini ndani ya chombo. Anayepewa zote tatu hajifunzi hata moja. Mwenye kichefuchefu akae kati, karibu na tezi, upande wa nyuma wa chombo, amtazame nahodha na ukingo wa bahari, asiitazame simu. Mkate mkavu na tangawizi vyasaidia, chai ya maziwa haisaidii.

Tulitia nanga kando ya mikoko kuvua kwa mshipi. Kwa maoni yangu huu ndio mchezo wa kuanzia na watoto, kabla ya kupiga mbizi na kabla ya tanga, kwa sababu mtoto wa miaka 6 na mtu wa miaka 60 hushika mshipi uleule na wanayo bahati ileile. Mpangilio: chubwi, kile kizito cha kuzamisha mshipi, ifungwe mwisho kabisa, ndoana 2 juu yake kwenye vitawi vya urefu wa shubiri. Ukifunga ndoana chini ya chubwi zitakwama kwenye mawe kila mara. Ndoana iwe ndogo, upana wa ukucha wa kidole cha mwisho. Chambo kikiliwa bila samaki kunaswa, mara nyingi ndoana ni kubwa kuliko mdomo wa changu. Ngisi aliyekatwa vipande vyembamba hukaa kwenye ndoana kuliko kamba wa baharini, ila kamba hao huita samaki upesi. Teremsha mpaka mshipi ulegee, ndiyo chini. Kisha upandishe nusu mita. Mshipi upite juu ya kidole cha shahada. Kudonoa huhisiwa kama mapigo mawili madogo. Gutua mkono mara moja, kisha vuta bila kusimama. Mshipi unaovutwa uangukie ndooni, maana sakafuni hushikana na vidole vya miguu na baada ya hapo ni saa nzima ya kufungua mafundo.

Samaki mmoja mgeni asimguse: tafi. Miiba yake ya mgongo ina sumu. Aliyechomwa atie sehemu hiyo kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kustahimili bila kuungua, kwa dakika 30 hadi 90, maumivu hupungua. Kwa hiyo chupa ya chai ya moto ichukuliwe hata kama hakuna anayeinywa. Ilipopita saa 4 asubuhi mkondo ulizidi nguvu, chubwi ikawa haifiki chini. Hiyo si bahati mbaya. Gawa kupanda kwa maji mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu na ya nne 3 kila moja, ya tano 2, ya sita 1. Katikati ndipo maji hukimbia, na ndipo pa kukunja mishipi ukawashe moto.

Makumbi ya nazi huwaka haraka na kwa hasira. Chimba shimo la shubiri moja mchangani, mgongo kwa upepo, ngoja miali izime na majivu yatande. Samaki wa kilo 1 akatwe mikato 3 kila upande, apakwe chumvi kijiko cha chai, thomu, tangawizi, pilipili na ndimu, akae nusu saa. Kabla ya kumweka kwenye wavu mfute maji ya ndimu yaliyo nje ya ngozi, kisha mpake mafuta. Ngozi mbichi ndiyo hushika kwenye chuma. Dakika 7 au 8 kila upande, na asigeuzwe zaidi ya mara 1. Tui zito la nazi lenye ukwaju lilipikwa nyumbani, likaletwa kwenye chupa. Ufukweni tulipaka tu, na wali ulikuwa kwenye sufuria iliyofungwa leso.

Tuliingia horini saa 7. Takwa ilikaliwa kutoka karne ya 15 hadi ya 17, ukuta wake bado wazunguka, na msikiti una nguzo juu ya kibla. Nje ya ukuta lipo kaburi la nguzo lenye mwaka 1094 wa Hijria, yaani kama 1683. Watu wa Shela, kijiji cha kisiwani Lamu, huja kuzuru na kuomba mvua. Kwa watoto jambo kubwa lilikuwa mibuyu. Kofia, viatu vya kufunga vidole na maji lita 1 kwa kila mtu, maana kivuli ni kichache kuliko picha zinavyodai.

Hesabu ya kutoka ni ileile ya mafungu 12, kinyume. Maji yakiwa yamepanda mita 2.4, saa ya kwanza baada ya kujaa hupungua sentimita 20, ya pili 40, ya tatu 60. Tuliamua kuwa mashuani saa 9 kasoro robo, na mtu mmoja alipewa kazi ya kuhesabu watu na kupiga kelele. Katika kikundi, bila mtu huyo, kila mmoja hudhani mwenzake yuko mbele.

Usiku, barazani, tuliona jambo la kufanya na viungo vilivyochoka: bao. Mashimo 32, kete 64. Anayeanza asianzie kunamua, yaani kuingiza kete za mkononi moja moja, kwa kete 22 mkononi na nyumba yenye kete 6. Aanze kwa bao la kujifunza, kete 2 kila shimo, ajue kwanza kupanda na kula. Watoto walishika baada ya michezo 3. Wakubwa waliokuwa wakiwafundisha walishindwa mchezo wa 5.

Mishipi ilisuuzwa kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, ndoana zikachomekwa kwenye kipande cha mgomba zisishike leso za watu. Nahodha alipita njiani akauliza kama kesho tunakwenda. Mwezi 13, maji yajaa saa 8 na dakika 20.