Ziwa Nabugabo, Uganda: usitupe ndoana katikati tu

Wageni wanaotoka Kampala na fimbo zao za kuvulia huulizia sangara tu. Wapo, lakini si wenyeji wa Nabugabo: waliletwa miaka ya 1960, wakawafyeka furu, samaki wadogo wa asili ya hapo. Furu waliosalia wamejibanza kwenye matete ya ukingoni, ambako oksijeni majini ni haba na sangara hastahimili. Mimi huko huko ndiko namvizia kamongo, samaki mwenye mapafu, maana yeye huibuka kuvuta hewa ya juu. Ukiona maji yamefurukuta, tupa hapo. Chambo changu ni kipande cha samaki, na mshipi uwe mnene, yule ana meno mabaya! Sato? Wapo pia, wengi wao wa kuletwa vilevile. Watamu, sibishi, ila kamongo ndiye anayenitoa jasho.