Hatua 34

Kura za kuchagua mlima wa kwenda kuteleza kwenye theluji zilikuwa zimeshapigwa. Watu 27 walisema Bretton Woods, 9 walisema Wachusett, 6 walisema popote tutakapokubaliana. Na mimi ndiye niliyewashawishi wale 27, kwa picha, kwa sauti ndefu nilizorekodi kwenye kundi letu la WhatsApp, na kwa jedwali nililolikesha siku mbili nikilipanga. Ilikuwa Januari 2019.

Sisi ni Waswahili wa New England, kaskazini mashariki mwa Marekani: Wakenya wengi wa Lowell, Watanzania wachache tuliotawanyika Worcester na Boston, Wakongo na Warundi wa Portland, Maine, na familia kadhaa za Manchester na Concord kule New Hampshire. Kiangazi tunakutana, tunachoma nyama, watoto wanaogelea ziwani. Ikifika Novemba kila mtu anajifungia kwake mpaka Aprili. Mwaka ule watoto ndio waliotusukuma. Wenzao shuleni walikuwa wakirudi Jumatatu na tiketi za skii, zile mbao mbili ndefu za kutelezea, zinaning'inia kwenye zipu za majaketi, na wao hawana la kusimulia. Kwa kuwa mimi nilikuwa nimeteleza misimu mitatu na wenzangu wa kazini, nikapewa kazi ya kuchagua mlima.

Ukimuuliza mtu wa huku mlima upi mzuri, jambo la kwanza atakutajia ni urefu wa mteremko, kutoka lifti inapokushusha juu mpaka chini kabisa. Wachusett una mita 305 hivi, Shawnee Peak kule Bridgton, Maine (siku hizi unaitwa Pleasant Mountain) karibu 400, Bretton Woods kule New Hampshire 457. Halafu atakutajia alama: duara la kijani ni njia nyepesi, mraba wa buluu ni ya wastani, almasi nyeusi usiiguse kama hujui kusimama. Mimi niliandika yote hayo. Nikaandika na kilomita, kwa sababu New England ni ndogo kwenye ramani lakini barabara yenye theluji huirefusha. Wachusett ni mlangoni kwangu, ila mtu wa Portland ataendesha saa mbili na nusu. Bretton Woods, kwa upande wake, mtu wa Portland anashika tu Njia 302 na haiachi mpaka afike.

Hiyo ndiyo hoja niliyowapa watu, na ilikuwa ya kweli. Lakini niliyokuwa nayo moyoni ilikuwa nyingine.

Chini ya milima ile ya skii, ng'ambo ya barabara, ipo hoteli kubwa nyeupe yenye mapaa mekundu, na nyuma yake umesimama Mlima Washington wenye mita 1,917. Katika hoteli hiyo, Julai 1944, wajumbe wa nchi 44 walikaa wiki tatu, wakaondoka wameunda Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) na Benki ya Dunia. Mtanzania wa umri wangu halichukulii jina la IMF kama habari ya gazetini. Serikali yetu ilitia saini mkataba nao mwaka 1986, masharti ya kubana matumizi yakafuata, na baba yangu, aliyekuwa mtunza ghala wa shirika moja la umma pale Tanga, alipunguzwa kazi mwaka 1994. Ndivyo tulivyosema, "amepunguzwa," kama chumvi kwenye mchuzi. Barua yake aliiweka kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa, na hajawahi kuitupa. Nilitaka kusimama juu ya mlima ule, skii miguuni, niitazame hoteli ile kutoka juu. Nilitaka nimpigie baba picha.

Siku mbili baada ya kura, usiku saa nne, simu ikalia. Dada mmoja wa Portland, mtu wa Bukavu, ambaye kwenye kundi huandika mara chache sana.

"Dada, unisamehe kukusumbua usiku. Miye mlima wowote ni sawa. Niko nauliza kitu kimoja tu. Ile nyumba ya kuota moto, iko karibu na fasi watoto wanachezea?"

Nikamwambia lipo jengo kubwa, lina mkahawa, asiwe na wasiwasi.

"Ndiyo. Lakini karibu namna gani?"

Sikuwa na jibu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema mtoto wake wa kiume, mwenye miaka 9, ni SS. Sisi tunaita sikoseli. Daktari amemruhusu kwenda, ila baridi isimshike: avae nguo juu ya nguo, anywe maji kila mara, akae nje kidogo aingie ndani, asingoje mpaka asikie maumivu. Baridi ikibana mishipa, zile chembe za damu zilizopinda kama mundu hukwama, na mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa mpaka hospitali.

"Usiseme kwa kundi, dada. Watu wakijua, watamwangalia kama mtu wa kufa. Yeye anataka tu aende kama wengine."

Nilibaki nimekaa jikoni na jedwali langu mbele yangu. Lilikuwa na safu ya bei, safu ya kilomita, safu ya idadi ya lifti. Safu ya mlango haikuwepo. Niliona aibu, na bado naiona ninapoandika haya, kwa sababu mimi ni muuguzi msaidizi. Nimewashika mikono wagonjwa wa sikoseli usiku wa manane. Ningepaswa kuuliza kabla ya kupiga debe.

Jumamosi iliyofuata niliendesha peke yangu mpaka Henniker, mji mdogo wa New Hampshire unaojisifu kuwa ndiyo Henniker pekee duniani. Hapo upo mlima unaoitwa Pats Peak. Mteremko wake ni kama mita 235, nusu ya Bretton Woods. Ila kwa Lowell ni saa moja tu, kwa Portland kama saa mbili, na Concord yenye hospitali kubwa iko kilomita 27 hivi. Nilikodi viatu vya skii, vile vizito visivyokunja kifundo, nikavivaa, nikasimama kwenye mlango wa jengo. Nikatembea hadi kwenye ule mkeka unaosogea wenyewe, unaowapandisha wanaoanza. Hatua 34. Nikarudi, nikahesabu tena. 34. Na kutoka meza za dirishani mama anamwona mtoto wake mwanzo hadi mwisho.

Kazi ngumu ilikuwa kuigeuza kura bila kusema sababu. Niliandika: "Ndugu zangu, nimekosea. Nilichagua mlima kwa macho yangu mwenyewe, sikuwatazama wanaoanza na watoto. Naomba twende Henniker." Nikawasha moto. "Sasa si tulipiga kura?" aliuliza mmoja wa Lowell. "Kwa nini mlima mdogo?" Wengine wakagundua kwamba Pats Peak walikuwa na bei moja ya Jumamosi jioni, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa nne usiku, kila kitu ndani yake, vifaa na mafunzo. Basi kama ni Henniker, iwe jioni, tuokoe pesa. Nikakataa na hilo. Usiku wa Januari pale kipimajoto kinazama. Nikasema tungoje Machi, mchana. Wakasema Machi theluji inayeyuka. Nikawaeleza kwamba huku theluji inatengenezwa kwa mashine tangu Novemba, tabaka juu ya tabaka, na Machi jua linakuwa na nguvu. Nilikuwa nasema kweli tupu na bado nilihisi nadanganya.

Ndipo mzee wetu wa Lowell, mzaliwa wa Machakos, alinipigia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, kuna mtu mgonjwa?"

Nikanyamaza.

"Basi usiniambie."

Baada ya dakika kumi akaandika kwenye kundi: "Mimi magoti yangu hayawezi safari ndefu, na usiku sioni barabara. Twendeni Henniker, Machi, mchana." Mzee huyu hutembea kilomita tano kila asubuhi kando ya mto Merrimack. Hakuna aliyembishia.

Tulikwenda Jumamosi, tarehe 9 Machi, watu 38. Foleni ya viatu ilikula karibu saa nzima. Asubuhi theluji ilikuwa ngumu kama sakafu ya vigae, skii zikilia juu yake, lakini kufika saa tano jua lilikuwa limeilainisha, na watu wazima waliokuwa wakianguka kwa maumivu wakaanza kuanguka kwa raha. Mzee wa Machakos hakupanda kitu. Alikaa dirishani na chupa mbili za chai ya tangawizi, akimmiminia kila anayeingia.

Mtoto wa Portland alikuwa na suruali mbili, sweta mbili na jaketi. Mpango wao ulikuwa dakika 15 nje, dakika 15 ndani. Mara ya kwanza aliingia akilia, kwa sababu alikuwa ndio kwanza ameshika namna ya kusimama kwa kukutanisha ncha za skii kama kabari, na wenzake bado wako nje. Mama yake hakusema neno. Alimvua glavu, akavishika vile vidole kimoja kimoja, akaviweka shavuni mwake. Akampa maji. Mtoto akanywa chupa nusu, macho yake dirishani.

Mama akatazama saa ya ukutani. Akavishika vidole tena.

"Enda," akasema.