Bibi na Chupa ya Bülau

Mwaka 1996 nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi katika hospitali moja ya misheni kusini mwa Tanzania. Daktari wetu wa upasuaji alikuwa Mjerumani. Kiswahili alikizungumza vizuri, ila kwenye faili aliandika kwa mazoea ya kwao.

Wakati wa masika aliletwa mtoto wa kiume, wa miaka kumi au kumi na mmoja hivi. Homa ya mapafu ilikuwa imemlaza nyumbani muda mrefu, na aliyemleta ni bibi yake. Akivuta pumzi, upande wa kulia wa kifua hauinuki. Picha ya kifua ilitoka nyeupe upande huo wote. Daktari akachoma sindano ubavuni, ikarudi na usaha, naye akaandika: "Bülau, kulia." Hakuongeza kitu.

Wauguzi wa zamani waliondoka kwenda kuandaa trei. Mimi nilibaki na faili mkononi, maana jina hilo sikulijua: nilikuwa nimezoea kusikia mpira wa kifuani wa kutolea usaha na chupa yake, basi. Daktari akanieleza huku ananawa mikono. Gotthard Bülau alikuwa daktari wa Hamburg. Alianza kutoa usaha kifuani kwa mpira ulioishia ndani ya maji katika miaka ya 1870, na mwaka 1891 akaandika habari zake. Lakini Wajerumani wakiandika jina hilo wanataja na mahali pa kupitisha mpira: ubavuni chini ya kwapa, kwenye nafasi ya nne au ya tano kati ya mbavu, panapofaa kwa usaha na damu. Mpira ukitakiwa kupita mbele, juu, chini ya mtulinga, ili kutoa hewa, wanaandika Monaldi, jina la daktari wa Italia. Kwa hiyo lile neno moja lilikuwa limeshatuambia mtoto alazwe vipi, mkono wake uinuliwe, na tusafishe wapi.

Alimpiga ganzi, akahesabu mbavu kwa kidole, akachana ngozi kidogo. Koleo lake lilipita juu ya ubavu, likiambaa na ukingo wake wa juu. Alitusisitizia hilo, kwa sababu mishipa ya damu na ya fahamu hupita chini ya kila ubavu. Akaingiza kidole kuhakikisha kwamba yuko penyewe na pafu halijagandia hapo, ndipo akasukuma mpira. Usaha ulitoka mzito, wa kijani, na harufu yake ilitutoa machozi. Hakuuacha utoke wote kwa mkupuo, maana pafu lililosinyaa siku nyingi likifunguka ghafla huweza kujaa maji.

Chupa yetu ilikuwa ya kioo. Ndani kulikuwa na maji safi, na ncha ya mrija ilizama kama sentimita 2. Kwa nje tulibandika ukanda wa plasta kutoka chini hadi juu, na kila zamu ilichora mstari wa kalamu na kuandika saa, ili ijulikane usaha umeongezeka kiasi gani.

Bibi hakupenda chupa ikae sakafuni. Watu wataipiga teke, alisema, bora aipakate mwenyewe kitandani. Sista wa zamu alimjibu kwa upole lakini bila kuzunguka: "Bibi, chupa hii haipandi kitandani hata mara moja. Ikiwa juu ya kifua, maji na uchafu vinamrudia mjukuu wako." Kisha akaniambia nikae na bibi nimwonyeshe. Tulichuchumaa wote wawili. Mtoto akivuta pumzi, maji yanapanda ndani ya mrija, akitoa, yanashuka. Bibi alitazama kwa muda, akasema, "Kumbe inapumua naye."

Usiku tulikuwa wawili kwa wadi nzima. Yapata saa tisa bibi alikuja mezani kwetu, kanga imemdondoka begani. "Sista, maji yamesimama."

Nilichukua tochi. Mtoto alikuwa amegeukia ubavu wa kulia, pua zinapanuka, anahema harakaharaka. Maji kwenye mrija yametulia tuli. Maji yakisimama, huenda pafu limeshafunguka lote na kazi imekwisha, au huenda mpira umeziba. Chupa peke yake haisemi ni lipi, lazima umtazame mgonjwa, na huyu alikuwa anataabika. Tulimgeuza taratibu. Mpira ulikuwa umekunjika chini ya nyonga yake. Nilipounyoosha, maji yaliruka juu, yakashuka, yakapanda tena. Akakohoa, mapovu machache yakatoka ndani ya chupa, na usaha ukaanza kutiririka. Tuliufunga mpira kwenye shuka kwa plasta, tukiuachia nafasi ya kutosha ageuke.

Asubuhi daktari alisikiliza habari hiyo mpaka mwisho, kisha akatusimulia ya mwaka 1918. Katika kambi za jeshi Marekani, askari wengi walipata usaha kifuani wakati wa homa kuu ya mafua. Walipopasuliwa mapema na kifua kuachwa wazi, hewa iliingia, pafu likasinyaa, na takriban asilimia 30 walikufa. Tume aliyokuwamo daktari wa upasuaji Evarts Graham ilishauri upasuaji wa wazi usubiri, na kwanza usaha uvutwe bila kuruhusu hewa kuingia. Vifo vikashuka chini ya asilimia 5. Yale maji ya sentimita 2 ndiyo mlango unaoizuia hewa isirudi, na usiku ule mlinzi wake alikuwa bibi asiyejua kusoma.

Mpaka leo naudhika nikisikia ndugu wa mgonjwa anaambiwa "usiguse" tu, kisha anaachwa. Yeye ndiye anayekesha pale. Kumweleza hakuchukui hata dakika tano.

Mpira ulitolewa usaha ulipokauka na picha kuonyesha pafu limefunguka lote. Daktari alimwambia mtoto avute pumzi na kuibana, akauchomoa mara moja huku mimi nakaza uzi wa mshono. Siku ile kitanda cha jirani kilikuwa na kijana aliyeanguka kutoka kwenye mkorosho, naye ana chupa yake. Bibi alikuwa ameshamshika mama yake mkono, wamechuchumaa, anamwelekeza atazame wapi.